Mtoto wa Desemba, kodi ya Desemba: uchambuzi wa kisa cha kaya yenye madeni sita

Kaya tunayoichambua ni ya mfano, lakini hesabu zake hazitamshangaza mpangaji yeyote wa Mbagala au Tabata, Dar es Salaam. Mke ni karani wa kampuni binafsi, mume anaendesha bodaboda ya mkataba. Mimba ni ya kwanza. Tarehe 1 Julai ina wiki 18, na kliniki wameandika matarajio ya tarehe 2 Desemba. Nyumba ni vyumba viwili vya Sh 120,000 kwa mwezi, kodi hulipwa miezi sita kwa mpigo, na awamu inayofuata ni tarehe 1 Desemba.

Tarehe hizo mbili zilivyokaribiana ndiyo kisa chenyewe. Ukiwauliza wenyewe watasema mapato ni madogo. Ukizipanga hesabu zao juu ya kalenda unaona jambo jingine: hela inaingia, ila mizigo mikubwa yote imerundikana ndani ya wiki tatu, na kila iliporundikana hivyo huko nyuma walikimbilia mikopo ya simu.

Kinachoingia

Mshahara wa mke ni Sh 650,000 kabla ya makato. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 65,000. Kodi ya mapato inapigwa kwenye 585,000 zinazobaki: 270,000 za mwanzo hazitozwi, 250,000 zinazofuata ni asilimia 8, sawa na 20,000, na 65,000 za juu ni asilimia 20, sawa na 13,000. Jumla ya kodi 33,000. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 97,500. Mkononi anapokea 454,500 kila tarehe 28.

Mume analaza hesabu ya 10,000 kwa siku kwa mwenye pikipiki, Jumatatu hadi Jumamosi, mpaka mkataba uishe na chombo kiwe chake. Akishatoa hesabu, mafuta na matengenezo madogo anabaki na wastani wa 14,000, kwa siku 26 ni 364,000. Jumapili ni siku ya dereva, haina hesabu, na kwa sasa anapumzika. Jumla ya kaya ni 818,500.

Kinachotoka, kabla ya mpango wowote: chakula 300,000, LUKU (umeme) 25,000, maji 15,000, gesi 37,000 (mtungi wa kilo 15 unaodumu kama wiki sita), nauli za mke 58,000, simu na bando 30,000, wazazi kijijini 40,000, hisa za kikoba 40,000, mfuko wa jamii wa kikoba 4,000, rejesho la kikoba 110,000, michango ya harusi na misiba 30,000, sabuni na vitu vidogo 35,000. Hiyo ni 724,000. Ongeza ada za mikopo ya simu, 90,000, inakuwa 814,000. Wanabakiwa na 4,500.

Angalia kisichokuwemo: kodi ya nyumba. Hakuna mwezi hata mmoja ambao 120,000 iliwekwa pembeni. Ya Juni ililipwa kwa mkopo wa kikoba wa 600,000, na 120,000 iliyopungua ikatolewa kwenye simu. Wiki za mwisho za masika zilipokata safari za bodaboda, wakaongeza mkopo wa pili na wa tatu. Anayesema familia hii ilikopa kwa sababu ya anasa hajafungua daftari lao.

Madeni, na namna ya kuyapanga

Yapo sita, ingawa wao waliorodhesha manne.

Mikopo ya simu iko mitatu: 100,000, 80,000 na 60,000, jumla 240,000. Ada hukatwa mwanzoni. Anayekopa 100,000 anapokea 82,000 na baada ya siku 14 anarudisha 100,000. Ada ya 18,000 juu ya 82,000 ni asilimia 22 kwa wiki mbili. Mkopo wa 80,000 unakatwa 15,000, ambayo ni asilimia 23. Wa 60,000 unakatwa 12,000, asilimia 25. Mdogo kuliko yote ndio ghali kuliko yote. Kwa mizunguko miwili ya mwezi kaya inatoa 90,000 na deni linabaki pale pale 240,000. Huko mtaani wanaiita kausha damu. Kanuni za huduma ndogo za fedha zilimwekea mkopeshaji mwenye leseni ya daraja la pili ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya kubonyeza “kubali”, jina la mkopeshaji litafutwe kwanza kwenye orodha ya Benki Kuu ya wenye leseni.

Kikoba wanadai 440,000: marejesho manne ya 110,000, riba ikiwa ndani. Duka la Mangi kuna 60,000. Shemeji alikopesha 150,000 bila riba. Hayo ndiyo manne yao, ukihesabu mikopo ya simu kama deni moja. Wameacha Bodi ya Mikopo kwa kuwa inajikata yenyewe, na hapo hawakukosea, kwani hakuna cha kuamua. Lakini wameacha pia mkataba wa pikipiki, na hilo ni kosa kubwa. Mkataba umebakiza miezi saba, siku 26 kwa mwezi, Sh 10,000 kwa siku: 1,820,000. Ndilo deni kubwa kuliko yote manne yakijumlishwa, na ndilo lenye adhabu mbaya zaidi. Mwenye chombo akikosa hesabu siku kadhaa mfululizo anakichukua, na zile hesabu za miezi iliyopita hazirudi.

Kwa hiyo mpangilio wa malipo haufuati riba peke yake, wala ukubwa. Swali la kwanza ni: tukikosa, tunapoteza nini, na lini? Hesabu ya pikipiki haiguswi. Mikopo ya simu inafuata, kwa sababu inakula 90,000 kila mwezi na kwa sababu baadhi ya wakopeshaji hao hutuma ujumbe wa kudhalilisha kwa kila jina lililoko kwenye simu, akiwemo bosi wa mke. Kikoba cha tatu, maana bila kumaliza mkopo hakuna mgao wa hisa wa Desemba. Mangi wa nne. Shemeji anaombwa asubiri hadi Februari, kwa mdomo na kwa heshima, na anatajiwa mwezi. Ndugu wengi hawakasirishwi na kucheleweshwa, wanakasirishwa na kukwepwa.

Julai: kuua mikopo ya simu

Mikopo mitatu inaiva tarehe 6, 9 na 13 Julai. Kikoba kinakaa Jumamosi ya tarehe 4. Hisa za mke zimefika 450,000, na katiba ya kikoba inaruhusu mkopo hadi mara tatu ya hisa, kwa hiyo nafasi ipo. Anaomba nyongeza ya 240,000, riba asilimia 10 kwa muda wote, anarudisha 264,000 kwa miezi minne: 66,000 kwa mwezi. Ukijumlisha na lile la zamani, rejesho linakuwa 176,000 hadi Oktoba. Limepanda kwa 66,000 lakini 90,000 imeondoka, na tofauti ya kweli ni kwamba hili lina mwisho.

Maombi yasisubiri kikao. Mwekahazina apigiwe simu mapema wiki hiyo, kwa sababu tatizo la kawaida ni kukuta mfuko umeshakopeshwa wote. Wakipewa 100,000 tu, wanafunga ule wa 60,000 kwanza, na 40,000 inasubiri kuongezewa ili kufunga wa 80,000.

Kila mkopo ulipwe siku unapoiva. Kulipa kabla hakurudishi ada iliyokwisha kukatwa, na kuchelewa siku moja kunaanzisha faini. Ukishalipa, subiri ujumbe wa kuthibitisha kuwa deni ni sifuri, upige picha, kisha ingia kwenye mipangilio ya simu uondoe ruhusa ya kusoma majina na ujumbe, ufute akaunti ndani ya programu, halafu ndipo uiondoe programu yenyewe. Wanaofuta programu bila kufunga akaunti huachiwa mlango wazi. Ndani ya siku chache huja ujumbe wa “hongera, kiwango chako kimeongezeka”. Kaya nyingi huangukia hapo, kwa sababu wakati huo mfuko uko mtupu kwa ajili ya malipo yale yale.

Kuna waliowashauri mke achukue mkopo wa mshahara wa benki, milioni mbili kwa miezi 24, wafute kila kitu. Hatukubaliani. Makato yangeendelea mwaka mzima na zaidi baada ya mtoto kuzaliwa, na madeni ya kaya hii, ukiacha pikipiki, Bodi ya Mikopo na shemeji, yanaisha yenyewe kwa Oktoba.

Bajeti ya Julai hadi Novemba

Chakula kinashuka hadi 280,000, si zaidi. Punguzo linatokana na kununua mchele, unga na mafuta ya kupikia kwa jumla badala ya kupima kila siku kwa Mangi. Maharage, dagaa, mayai na mboga za majani za mjamzito haziguswi, na dawa za kuongeza damu anazopewa kliniki zisiachwe kwa kisingizio chochote. Simu inashuka hadi 20,000, wazazi 20,000 baada ya kuelezwa sababu, michango 10,000, hisa kutoka mbili hadi moja kwa wiki, yaani 20,000. Mangi analipwa 20,000 kwa miezi mitatu na daftari lake linafungwa. Pamoja na rejesho la 176,000, jumla ni 720,000. Kinabaki 98,500.

Kwa Julai, Agosti na Septemba hiyo ni 295,500. Oktoba Mangi kaisha, inabaki 118,500. Novemba rejesho limeisha, inabaki 294,500. Hadi mwisho wa Novemba wana 708,500.

Lipo jambo lililosaidia kuliko kupunguza bando: kugawa hela kwa aina. Zamani mshahara ulianza kununua chakula, ukaisha tarehe 10, kisha hela ya bodaboda ikawa inazima moto. Sasa hela ya kila siku inalipa vitu vya kila siku: mume akirudi jioni, 9,300 inakwenda kwenye chakula, na kinachozidi kinanunua chakula cha Jumapili na kujaza gesi na LUKU. Mshahara unalipa vya mwezi tu: rejesho, nauli, akiba. Tarehe 28 akiba inahamishwa kabla ya matumizi.

Uzazi unagharimu nini hasa

Huduma za mama mjamzito katika vituo vya umma ni bure kwa sera. Kwa vitendo, mama huja na vifaa vyake, na kila kituo kina orodha yake, hivyo iombwe kliniki mapema. Makadirio ya kaya hii: mahudhurio ya kliniki yaliyobaki, vipimo na ultrasound moja, 120,000. Vifaa vya kujifungulia (glavu, pamba, nyembe, vibanio vya kitovu, mpira wa kutandika, pedi za mzazi), 60,000. Kanga, beseni na nguo za mtoto, 110,000. Usafiri wa usiku, kwenda na kurudi, 60,000. Nauli na matunzo ya mama mzaa chema atakayekuja kukaa arobaini, pamoja na supu na uji wa mzazi, 150,000. Dharura, yaani rufaa, upasuaji, dawa ambazo hazipo dirishani, 300,000. Jumla 800,000.

Ukiongeza kodi ya miezi sita, 720,000, unapata 1,520,000 mbele ya akiba ya 708,500. Hapa ndipo watu wengi hufunga daftari na kurudi kwenye simu.

Kusogeza tarehe

Mgao wa kikoba ni katikati ya Desemba. Hisa zitakuwa zimefika 550,000, faida haijahesabiwa. Tatizo ni wiki mbili tu kati ya kodi na mgao. Baba mwenye nyumba anaombwa mambo mawili: apokee miezi mitatu badala ya sita, na apokee tarehe 20 badala ya tarehe 1. Ombi linafanywa Agosti, likiwa na kiasi na tarehe kwenye karatasi iliyosainiwa na wote wawili. Likifanywa Novemba linasikika kama kisingizio. Kwenye mazungumzo hayo hayo liwekwe mezani suala la kodi ya jengo: 1,500 kwa mwezi inayokatwa kwenye LUKU ni ya mwenye nyumba, na kwa miezi sita mpangaji mwenye mita yake amemlipia 9,000. Haitatui chochote, lakini inapunguza, na inamkumbusha mwenye nyumba kuwa mpangaji wake anaandika.

Akikubali, 360,000 inatoka kwenye mgao na kabla ya kujifungua wanahitaji 800,000 tu. Wanapungukiwa 91,500. Akikataa miezi mitatu lakini akakubali tarehe, 550,000 za mgao zinahitaji kuongezewa 170,000, na zitatoka kwenye 300,000 za dharura kama hazikutumika. Zikiwa zimetumika, hapo ndipo faida ya kikoba na 50,000 ambayo mfuko wa jamii wao humpa mzazi zinaingia kazini, na kiasi kinachopungua kinaombewa hadi mshahara wa tarehe 28.

Pengo la 91,500 linazibwa na Jumapili. Mume akifanya kazi Jumapili mbili kwa mwezi, kila moja ikimwachia 24,000 kwa kuwa haina hesabu, kwa miezi mitano anapata 240,000. Lakini 100,000 ya hiyo ina kazi nyingine: kulipa mapema hesabu ya siku kumi. Mume aliyeajiriwa ana haki ya siku tatu za likizo yenye malipo mtoto akizaliwa. Mwenye bodaboda hana wa kumlipa, na siku ambazo hatapanda pikipiki ndizo ambazo hesabu isingelipwa. Mwenye chombo apewe hela hiyo Novemba, aandike risiti inayosema ni ya siku zipi. Inabaki 140,000. Toa 91,500, kuna 48,500 za tairi la nyuma, ambalo halijawahi kuchagua wakati mzuri wa kuisha.

Udhaifu wa mpango uko kwenye vuli. Mvua za Oktoba hadi Desemba zinaweza kushusha wastani wa 14,000 hadi 11,000, na Novemba peke yake ikapotea 78,000. Ndiyo maana ununuzi una mpangilio: vifaa vya kujifungulia viwe ndani ya begi kufikia wiki ya 34, yaani karibu tarehe 21 Oktoba, na nguo za mtoto ziwe za mwisho. Nguo huja zenyewe kwa mashemeji na majirani, glavu haziji.

Likizo na NSSF

Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 kwa zaidi ya mtoto mmoja. Mwajiri apewe taarifa angalau miezi mitatu kabla, pamoja na cheti cha daktari. Kwa mke huyu mwisho ni tarehe 2 Septemba, na barua iwe na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Sheria inamruhusu kuanza wiki nne kabla ya matarajio. Akianza tarehe 4 Novemba anaokoa nauli, lakini siku zake zinaisha Januari. Akianza tarehe 25 Novemba anarudi kazini tarehe 17 Februari. Tarehe ya pili ni bora, kama afya inaruhusu, kwa sababu tutakayoiona chini.

Fao la uzazi la NSSF lilikuwa kwenye ndoto zao. Linahitaji michango isiyopungua 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 kabla ya wiki ya kujifungua. Taarifa yake inaonyesha michango 28, na hadi Desemba itafika 33. Aliwahi kufanya kazi sehemu nyingine ambako alikatwa, lakini michango hiyo haionekani. Aifuatilie sasa, akiwa na hati za mshahara za wakati ule. Kwenye bajeti inaandikwa sifuri mpaka ionekane kwenye taarifa.

Hela ikae wapi

Dharura ya 300,000 isikae kwenye laini yenye huduma ya kukopeshwa salio la pesa. Laini ikiwa na deni, kila kinachoingia kinakatwa kwanza, hata kama kimetumwa na mama mkwe kwa ajili ya damu. Iwe kwenye laini nyingine isiyo na deni, namba ya siri wanaijua wote wawili. Mawakala hufunga usiku, kwa hiyo kuanzia wiki ya 37, tarehe 11 Novemba, 60,000 taslimu inakaa ndani ya begi la kujifungulia, kwenye bahasha moja na kadi ya kliniki, noti ndogo ndogo. Namba za madereva wawili wa bajaji wanaolala mtaani ziandikwe nyuma ya kadi. Mume atakuwa na pikipiki, lakini mama mwenye uchungu hapandi pikipiki.

Februari

Mke anarudi kazini tarehe 17 na dada wa kazi anaanza, 80,000 kwa mwezi pamoja na chakula. Kodi inayofuata, 360,000, ni tarehe 1 Machi. Shemeji anasubiri 150,000 zake. Lakini hesabu ya mwisho ya pikipiki inalazwa mwisho wa Januari, na tangu Februari 260,000 zilizokuwa zikienda kwa mwenye chombo zinabaki nyumbani. Kurudi kazini kabla ya hapo kungeleta mshahara wa dada mwezi ambao hesabu bado inalipwa.

Wiki hiyo ya mwisho wa Januari mume asikubali kuambiwa “chombo ni chako sasa” kwa mdomo. Adai mkataba usainiwe kuwa umekwisha, mbele ya shahidi, na kadi ya pikipiki ihamishiwe jina lake TRA. Gharama ya kuhamisha iulizwe Desemba, itengwe kwenye salio la mgao kabla kodi ya Machi na sherehe ya arobaini hazijaligusa.